Ladha ni ya ulimi, maji ni ya figo



Siku hizi mjini umezuka mtindo. Ukienda kwenye mkutano, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi au hata ofisini kwa mkubwa fulani, utakuta mezani pamewekwa jagi la kioo lililojaa maji, na ndani yake vinaelea vipande vya limau, vipande vya tango na majani ya mnanaa. Yanapendeza kwa macho na yananukia vizuri. Wapo wanaoyatia kwenye chupa na kuyauza, na wakiyanadi huyaita maji ya kusafisha figo.

Wasikilizaji kadhaa wameniuliza kama hayo ni kweli. Jibu langu ni kwamba maji hayo ni mazuri, na mwenye kuyapenda ayanywe. Lakini linaloisaidia figo humo ni maji, si limau. Na kabla hujakata limau lako, hapana budi uulize swali ambalo watu wa mjini tumezoea kuliruka: hayo maji yenyewe ni ya namna gani?

Ili tuelewane, leo nitakupeleka kwanza ndani ya mwili, kisha tutashuka hadi delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, ambako watu nao hutia ndimu kwenye maji, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Tukitoka huko tutarudi jikoni kwako.

Tuanze na figo. Mtu mzima wa afya ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi yake. Zimekaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, usawa wa mbavu za chini. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo usiku na mchana bila mapumziko. Katika saa 24 vichujio hivyo huchuja kutoka kwenye damu majimaji yapatayo lita 180, yaani ndoo 9 za lita 20. Tungeyakojoa yote tungekufa kabla ya jua kupanda. Lakini figo huyarudisha mwilini karibu yote, pamoja na chumvi na madini tunayoyahitaji, na kutoa nje kiasi cha lita moja na nusu tu, ambamo zimo taka za mwili.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, anayekuambia kwamba kipande cha limau kinasafisha figo ni kama mtu anayedai kumwogesha samaki. Figo ndiyo fundi wa usafi. Haingoji kusafishwa, inangoja vitu vya kufanyia kazi, na cha kwanza ni maji ya kutosha. Maji yakiwa machache, figo hubana mkojo uwe mchache na mzito. Mkojo mzito wa siku nyingi huwapa nafasi wadudu wa njia ya mkojo, na huyaacha madini yashikane kuwa mawe. Na mwili ukikauka kwa ghafla, kama inavyotokea kwa mgonjwa wa kipindupindu, damu inayofika kwenye figo hupungua kiasi cha figo kuweza kusimama kazi kwa siku chache tu.

Sisemi kwamba limau halina kazi yoyote. La hasha. Ndimu na malimau yana asidi ambayo, ikifika kwenye mkojo kwa umbo la sitrati, husaidia kuzuia chembe za kalsiamu zisishikane. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huwashauri watu wenye tabia ya kupata mawe ya figo ya aina hiyo wanywe maji ya limau. Lakini kuzuia jiwe ni jambo moja, na kusafisha figo ni jambo jingine. Hata huyo mwenye mawe, dawa yake ya kwanza ni kunywa maji mengi, limau ni nyongeza.

Maji kiasi gani? Mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi za Ulaya ilitoa kipimo mwaka 2010: lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 na nusu kwa mwanamume, ukijumlisha na maji yaliyomo kwenye chakula. Hicho ni kipimo cha watu wa nchi zisizo na joto kali, wasiofanya kazi nzito. Kuli wa bandarini, mwendesha bodaboda, fundi anayejenga juani na mama anayekaanga mihogo kando ya moto wanahitaji zaidi. Kipimo cha rahisi kuliko vyote ni kutazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu, uko salama. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unalia kiu, au kuna jambo la kumwuliza daktari. Ila kumbuka kwamba dawa nyingine, kama rifampisini wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu, hugeuza rangi ya mkojo bila ubaya wowote.

Sasa twende Kibiti. Ukitoka Mbagala ukaifuata barabara ya kusini, baada ya kilomita zipatazo 130 unafika mjini Kibiti, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Abiria wengi hupita hapo wakiliwahi Daraja la Mkapa, safari ya Lindi na Mtwara. Lakini kabla hujafika Kibiti, pale Bungu, iko njia inayokata kushoto kwenda bandari ya Nyamisati, wanakopandia boti wasafiri wa Mafia. Ukifika huko umeingia nchi nyingine. Mto Rufiji, ambao umekusanya maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, hugawanyika hapo kuwa matawi mengi, kila tawi likitafuta njia yake ya baharini. Kati ya matawi hayo kuna visiwa na mashamba ya mpunga, na kuna mikoko ipatayo hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulioshikana mahali pamoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Maji yako kila upande. Na shida ya maji iko hapo hapo.

Nimewahi kukaa na mama mmoja wa makamo katika kijiji kimoja cha visiwani huko. Alikuwa na madumu yake matano ndani ya mtumbwi, lakini haondoki. Baada ya kuamkiana nikamwuliza anangoja nini, ilhali mto uko miguuni pake. Akacheka, akasema: "Mwanangu, mto huu una saa zake. Sasa hivi ni wa bahari. Maji yakipwa ndiyo unakuwa wetu."

Maneno ya mama yule ni somo zima la sayansi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Bahari inapojaa, maji yake hupenya chini ya maji ya mto na kupanda nayo bara. Wakati wa bamvua hupanda mbali zaidi, wakati wa maji mafu hupanda kidogo. Wakati wa masika mto una nguvu, huisukuma bahari nje. Kiangazi mto ukilegea, bahari huingia ndani. Kwa hiyo mwenye kutaka maji ya kunywa hana budi kupiga kasia kuelekea juu ya mto, maji yamekupwa, ayateke ya juu juu bila kuzamisha dumu sana.

Visima navyo vina siri hiyo hiyo. Maji ya mvua yaliyozama mchangani hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kama mafuta ya nazi yanavyokaa juu ya mchuzi. Kisima kifupi kikitekwa kwa kiasi hutoa maji mazuri. Kikichimbwa kirefu mno, au kikitekwa mfululizo, yale ya chini hupanda. Ndiyo maana huko visiwani unaweza kukuta visima viwili hatua chache mbali, kimoja kinanyweka na kingine hakinyweki.

Tena maji ya huko hayategemei bahari na mvua peke yake. Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Tangu hapo, kiasi cha maji yanayoachiwa kushuka ni jambo linalomgusa mama wa delta na dumu lake. Na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa. Mafuriko yanapokuja huzamisha kisima na choo pamoja, na yakiisha maji baridi yamejaa tele lakini si salama.

Mama yule aliniambia jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niyaandae mazungumzo haya. Alisema kiangazi kikikolea hata maji ya kisima huwa na munyu, nao huyakamulia ndimu, au huyachemsha na mchaichai, ili watoto wayanywe bila kukunja uso. Mjini tunatia ndimu kwa anasa, delta wanatia ndimu kuficha chumvi. Ndimu ni ile ile, na imefanya kazi ile ile ya kuuridhisha ulimi. Lakini ladha ikishapita kooni haina kazi tena, na figo hupokea chumvi yote kama ilivyokuwa kisimani.

Tuipige hesabu chumvi hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha yote aliyokula. Sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha chumvi, huanza kutambulika na ulimi ikifika kama miligramu 200 katika lita moja ya maji. Mtu anayelima au kuvua juani akinywa lita 3 za maji hayo, amekwisha kumeza chumvi ipatayo gramu moja na nusu kabla hajagusa ugali, samaki wala mchuzi. Hayo ni maji ambayo ulimi ndio kwanza unaanza kuyashuku. Yale yanayokunjisha uso yana zaidi.

Jambo hili limechunguzwa mahali panapofanana sana na delta yetu. Pwani ya Bangladesh, katika eneo la Dacope, nako mito mikubwa hukutana na bahari katikati ya mikoko, na bahari hupanda bara kiangazi. Watafiti waliandika mwaka 2011 kwamba wajawazito wa huko walikuwa wakimeza chumvi nyingi mno kutokana na maji ya kunywa peke yake, na kwamba shinikizo la damu la ujauzito lilionekana zaidi kiangazi kuliko wakati wa mvua. Sote tunajua uhusiano wa shinikizo la damu na figo. Shinikizo likipanda huumiza vichujio vya figo, na figo ikiumia hushindwa kutoa chumvi, na shinikizo likazidi kupanda. Pamoja na kisukari, shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha watu kwenye figo kushindwa kazi.

Hapa naomba nisisitize jambo moja, kwa sababu wengi huchanganya. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi chumvi. Tena ukiyachemsha sana maji hupungua na chumvi hubaki pale pale, kwa hiyo yanazidi kuwa ya munyu. Kitambaa hakiondoi chumvi, kidonge cha klorini hakiiondoi, na ndimu haiiondoi. Dawa ya maji ya chumvi ni kupata maji mengine.

Na maji mengine yapo, yanatoka juu. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 400, yaani ndoo 20. Tuseme familia ina watu sita, na kila mmoja anahitaji lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia tu. Hizo ni lita 30. Tangi la lita 5,000 litawatosha siku 166, zaidi ya miezi mitano, ambayo ndiyo kiangazi chote. Na kulijaza tangi hilo kwa paa hilo, hata tukiondoa yanayopotea njiani, inatakiwa mvua ipatayo milimita 160. Masika ya kawaida ya pwani hutoa zaidi ya hapo.

Nyumba nyingi za delta zimeezekwa makuti, na makuti hayafai kukinga maji ya kunywa. Lakini shule ina bati, zahanati ina bati, msikiti una bati. Maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vema mbu wasiingie, na maji yake yatibiwe kama maji mengine kabla ya kunywewa.

Kabla hatujaondoka Rufiji, kuna adui mwingine wa figo ambaye hanywewi, bali huingia kwa ngozi. Ni kichocho. Wadudu wake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, na humwingia mtu anapooga, anapolima au anapocheza majini. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyemgundua mnyoo huyu mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yake hukwama kwenye kibofu na kwenye mirija ya mkojo, yakaacha makovu, na mkojo ukizuiwa kushuka hurudi kuibana figo. Mtoto anayekojoa damu hajabalehe kama baadhi ya watu wanavyosema kwa mzaha. Ni mgonjwa, na dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inaponya. Hakuna jagi la tango na mnanaa litakalomfaa.

Adui mwingine yuko mjini na shamba. Ni mazoea ya kumeza vidonge vya maumivu kama njugu. Diklofenaki na ibuprofeni zina kazi yake, lakini zikitumiwa kila siku, hasa na mtu aliyekauka kwa jua na kazi, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo na kuiumiza. Huko Nicaragua na El Salvador, vijana wakata miwa wengi wamekufa kwa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu, na wataalamu wanataja kazi ngumu juani na upungufu wa maji miongoni mwa sababu kubwa. Kinga wanayopigiwa debe ni mambo matatu: maji, kivuli na mapumziko. Mwajiri anayesoma gazeti hili na ana vibarua kwenye jua la saa saba mchana, ujumbe huo ni wake pia.

Haya, turudi jikoni. Maji ya vionjo si uvumbuzi wa juzi. Pwani yetu mabibi walikuwa wakifukiza mtungi kwa ubani au udi kabla ya kuujaza, maji yakawa na harufu ya kumvuta mtu achote kata ya pili. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya maji ya limau na tango: humvuta mtu ayanywe. Mtu ambaye maji matupu humshinda, na ambaye vinginevyo angekunywa soda, amepata nafuu kubwa, maana amepata maji na amekwepa sukari. Nitakupa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mwenye jokofu. Anza na maji lita 2 yaliyokwisha kutibiwa. Kama ni ya kuchemsha, yaache yatokote kabisa walau dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama ni ya klorini, fuata maelezo ya pakiti na usubiri nusu saa. Kama maji yana tope, kwanza yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi, maana tope huipunguza nguvu klorini. Wanaopanda mlonge hutumia mbegu zake zilizotwangwa kulituamisha tope, na hufanya kazi, ila baada ya hapo maji bado yatibiwe.

Angalia sana utaratibu huu: klorini kwanza, ndimu baadaye. Vitamini C iliyomo kwenye ndimu huiua klorini. Ukivitia pamoja, klorini itapotea kabla haijamaliza kazi yake, nawe utakunywa ukidhani umejikinga. Vile vile usiitegemee asidi ya ndimu kuua vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo.

Sasa osha kwa maji salama ndimu moja au nusu limau, nusu tango na tawi moja la mnanaa. Kisu na ubao viwe safi, visiwe vile vilivyokatiwa nyama. Kata vipande vyembamba, tia kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, weka ndani ya jokofu saa mbili hadi nne. Usitie sukari. Yanywe yaishe ndani ya saa 24, na vipande vitupwe, usivijazie maji mapya siku ya pili. Jagi la namna hii lililokaa mezani tangu asubuhi katika joto letu, huku kila mtu akichovya bilauri yake, ni shamba la vijidudu. Bila ubaridi, saa mbili zinatosha.

Njia ya pili ni ya nyumba isiyo na jokofu, nami ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu maji na kionjo huchemka pamoja. Chukua lita 2 za maji, mabua matatu ya mchaichai yaliyooshwa na kupondwa kidogo, na kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Chemsha yatokote vizuri, epua, funika, acha yapoe kwenye chombo hicho hicho. Mimina kwenye chupa safi na uyanywe siku hiyo hiyo. Ukitaka ndimu, ikamulie kwenye bilauri yako wakati wa kunywa. Na baada ya kunywa maji ya ndimu sukutua kwa maji matupu, maana asidi hula meno.

Nimalizie na wale wasiopaswa kufuata mtindo huu bila ushauri wa daktari. Wa kwanza ni mtu ambaye figo zake zimekwisha dhoofika. Huyu pengine amepimiwa maji ya kunywa kwa siku, na akizidisha, maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Tena figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Juisi ya machungwa ina potasiamu nyingi, na madafu, tunayoyasifu sana pwani kwamba yanasafisha mkojo, yanayo nyingi pia. Zawadi ya madafu kwa mgonjwa wa figo inaweza kuwa hatari.

Wa pili ni wapenzi wa birimbi. Birimbi kidogo kwenye mchuzi au achari havina neno kwa mtu mzima wa afya. Lakini juisi yake nzito ina oksaleti nyingi mno. Madaktari wa Kerala, kusini mwa India, waliandika mwaka 2013 habari za wagonjwa 10 walioumia figo ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi, na baadhi yao wakawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo akitokea mtu kukuuzia maji ya birimbi ya kutibu figo, mpe mkono wa kwaheri.

Wa tatu ni mwenye kuhara. Huyu hahitaji maji ya tango. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, au pakiti ya dukani, huku akipelekwa zahanati.

Figo zikishaharibika kabisa, dawa ni mashine au figo ya mtu mwingine. Mashine hiyo, kwa kawaida, ni mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara, kwa maisha yote. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, jambo la kujivunia. Lakini hebu mfikirie mgonjwa wa Msala au Kiongoroni: mtumbwi, kisha gari, kisha foleni, mara tatu kila wiki. Huyo kinga ndiyo tiba yake ya pekee aliyonayo karibu.

Ndugu msikilizaji, wengi wetu hapa mjini tuna mama, shangazi au mjomba huko Kibiti, Rufiji, Mafia na Kilwa. Tunapokwenda nyumbani sikukuu tunabeba khanga, sukari na mchele. Mwaka huu ndugu watano mkichanga, pelekeni tangi na mifereji ya bati, mfunge kabla ya masika. Mkishindwa nyumba moja moja, fungeni kwenye shule ya kijiji. Ndimu wanayo huko, tena nyingi. Waliyokosa ni maji ya kuitilia.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nakutakia afya njema.